Kwa Baiskeli Mpaka Boma la Mpala, Tukizunguka Milima

Yaya Kabwe aliponipigia simu, nilidhani amekosea namba. Ni kaka yangu mkubwa, tumelelewa pamoja pale Mpala, kijiji cha mapadri kusini mwa ziwa, lakini tangu niolewe na Hamisi, Mwislamu wa hapa Kalemie, hakuwahi kukanyaga nyumbani kwetu wala kutaja jina la mume wangu. Binti yetu Feza amekua hadi amekuwa mwalimu kama mimi, na mjomba wake hamjui. Sasa simu iko sikioni, na Kabwe anapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Vene! Yosefu amepata mutoto, musichana. Tumemupa jina yako, Veneranda. Ubatizo njo siku ya Mungu. Kuja."

Yosefu ni mwanawe, na siku ya Mungu ni Jumapili. Kabla sijajibu, simu ilikatika.

"Mimi sikuitwa," Hamisi alisema nilipomsimulia.

"Alisema kuja. Hakusema kuja peke yako."

Boti ya kwenda kusini ilikuwa imevutwa mchangani, injini yake imefunguliwa vipande vipande. Wenye pikipiki nao walitikisa vichwa: njia ya kando ya ziwa imekatwa na mto, na ile ya milimani ni mawe matupu. Tulibaki na baiskeli zetu mbili, hizi ambazo huku tunaziita kinga. Hamisi huitumia yake kupeleka vitambaa sokoni, mimi yangu kwenda shuleni. Tukaamua kwenda kwa njia ya milimani, na kurudi tutajua mbele ya safari.

Alhamisi alfajiri tulivuka daraja la Lukuga. Nilikuwa nimevaa suruali ya michezo ya Feza, na juu yake kikwembe cha kitenge nilichokifunga kwa mafundo mawili. Kwenye karia, nyuma ya kiti, Feza alitufungia mihogo ya kuchemsha na samaki wakavu, migebuka. Wanawake waliokuwa wakielekea sokoni na mabeseni kichwani walisimama kunitazama.

"Mama, unaenda wapi na kinga?"

"Mpala."

"Mpala? Kwa miguu yako hiyo?"

Walicheka mpaka wakashusha mabeseni. Mmoja alinitupia ndizi mbili, akisema nitazihitaji kuliko yeye. Alisema kweli. Nilizila kwenye kilima cha kwanza, na bado ilikuwa asubuhi.

Mchana barabara iliacha mashamba ikaingia kwenye msitu wa miombo. Huko hakuna tambarare. Unapanda huku umesimama juu ya pedali, moyo unagonga, halafu unashuka umeshika breki mpaka vidole vinakufa ganzi, na chini unakuta kijito, na baada ya kijito mlima mwingine. Lakini kulikuwa na kivuli na harufu ya asali, na nyani waliotupigia kelele kama wanafunzi waliomwona mkaguzi. Hamisi aliimba kila tuliposhuka. Tulipopanda alinyamaza.

Jioni tulikuwa tukishuka kuelekea kijiji kidogo niliposikia wimbo wake umekatika katikati. Breki ya nyuma ilikuwa imeachia. Alinipita kama jiwe lililorushwa, akakata kona, akatoweka. Nilipofika sikuona mtu wala baiskeli. Niliona gurudumu moja tu likizunguka juu ya majani.

"Hamisi! Uko mzima?"

"Niko mzima," sauti ilitoka chini ya ardhi. "Lakini niko wapi?"

Alikuwa ndani ya handaki refu, limefunikwa na majani makavu hata halionekani. Mwenye shamba la jirani alikuja mbio na jembe lake. Jina lake Papa Mulolwa. Tulimvuta Hamisi kwa mpini wa jembe. Alikuwa amechubuka viwiko tu. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda vibaya. Niliilaza juu ya kisiki, nikaikanyaga, nikaigeuza, nikaikanyaga tena, mpaka ikazunguka bila kugusa uma wa baiskeli.

Usiku huo mke wa Mulolwa alitupikia bukari, ndio ugali, na sombe ya majani ya mihogo. Hamisi aliuliza ni nani aliyechimba shimo kubwa hivyo porini.

"Hiyo njo boma ya bankambo, babu zetu wa zamani," alisema Mulolwa. "Inazunguka kijiji kizima. Ndani waliweka ukuta wa miti. Ilikuwa juu ya kuzuia wale watu wa kukamata watumwa, wenye kutoka ng'ambo ya ziwa."

Hamisi aliacha kula. Ukoo wake ulitoka ng'ambo hiyo, enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Angeweza kunyamaza, na mimi nilitamani anyamaze, maana tulikuwa wageni na giza limeingia. Lakini yeye hawezi kula chakula cha mtu huku amemficha jambo.

"Papa, mimi babu zangu walitoka kule. Pengine walifika mpaka hapa, wakasimama upande wa nje wa handaki."

Mulolwa alimtazama, tonge mdomoni. Kisha akaanza kutetemeka mabega.

"Wao walishindwa kuingia na bunduki," alisema, "na wewe umeingia na kinga, kichwa mbele!"

Alicheka akapaliwa na bukari, mkewe akampiga mgongoni, na Hamisi akacheka mpaka akashika kiwiko chake kwa maumivu.

Ijumaa na Jumamosi tulitembea kwa miguu karibu sawa na tulivyoendesha. Milima ilizidi kupanda na hewa ikawa ya baridi. Mnyororo wangu ulikatika, tukaunga. Jumamosi tulilala kwenye kanisa la nyasi la wakulima, na hesabu ya njia haikunipendeza. Nilimwambia Hamisi kwamba tumechelewa, mtoto atabatizwa bila mimi, na Kabwe atasema sikutaka kuja.

"Basi kesho hatutasimama," alijibu. Breki yake ilikuwa imefungwa kwa mpira wa ndani, na alisema hivyo bila kutania.

Jumapili, jua likiwa limeshapanda, tulitokea juu ya Mpala. Chini liko ziwa lote, mto Lufuko unaingia majini, na katikati ya minazi kuta za zamani za boma. Wazungu wa kwanza walizijenga nene kwa ajili ya vita, baadaye mapadri wakazifanya makazi. Utotoni nilicheza juu yake. Sasa juu yake amesimama mwanamume mwenye shati jeupe, anatazama njia ya ziwani. Nilipiga kengele. Aligeuka: alikuwa Kabwe.

Misa ilikuwa imekwisha, lakini Yaya Kabwe alikuwa amekataa mtoto abatizwe kabla sijafika. Padri alikuwa akingoja kivulini, na mama wa mtoto amenuna. Nilikumbatiwa na kila mtu, mavumbi yangu yakahamia kwenye nguo zao nzuri. Hamisi hakuingia. Alisimama penye mwanya wa ukuta, ameshika baiskeli zote mbili.

"Nitalinda kinga," alisema.

Kabwe alimwendea.

"Umepita mulima na hii kitu?"

"Nimepita. Pahali pamoja nimepita kichwa mbele." Na Hamisi akamsimulia handaki, na alivyokuwa chini ya ardhi akijiuliza yuko wapi, na maneno ya Mulolwa.

Kabwe alijizuia. Nilimwona akiuma mdomo. Halafu kicheko kilimponyoka, akakaa juu ya mawe ya ukuta akijifuta macho.

"Shemeji," alisema alipopata pumzi, "kinga haiibwi hapa. Ingia, mutoto anangoja."

Veneranda mdogo alilia maji yalipomgusa, na mimi nililia zaidi yake.

Jumanne tulianza kurudi, na tulikuwa watatu. Kabwe aliazima baiskeli, akasema lazima mtu atuonyeshe mahali pa kuvuka mto. Tulivuka kwa mtumbwi, baiskeli zimelazwa juu ya magoti yetu. Nilidhani atageuka hapo. Hakugeuka. Tulifuata ziwa, tukabeba baiskeli begani kwenye majabali, tukapita vijiji vinavyonuka dagaa kwenye jua, na upepo ukitupiga usoni.

Mlima wa mwisho kabla ya Kalemie niliupanda kwa pedali mpaka kileleni. Niliposhuka kupumua nikatazama nyuma. Wale wawili walikuwa wameshindwa, wanasukuma baiskeli bega kwa bega. Kabwe alikuwa anauliza kitu kuhusu Feza, Hamisi anaeleza kwa mkono mmoja, kisha wakasimama kabisa katikati ya mteremko kwa sababu ya maongezi.

Kama boti ingekuwa nzima, tungefika Mpala safi, tukasalimiana kwa heshima, na kila mmoja angerudi kwake na moyo wake uleule. Hilo ndilo nililojifunza kwenye milima ile. Sikuwaita waharakishe. Nilikaa juu ya jiwe nikawangoja, na walichelewa sana.