Ushahidi Niliotoa Embu

Mwanangu wa pili alisomea kilimo katika chuo kimoja mjini Embu, akafukuzwa akiwa amebakiza kazi moja tu, ile ya utafiti wa mwisho. Walisema hakuiandika yeye, iliandikwa na akili bandia iliyo kwenye simu. Mimi ndiye niliyekwenda kumtolea ushahidi. Watu wa huku kwetu Mbeere husema walimu ndio waliomharibia, nami hunyamaza, na siku hizi naona kunyamaza kwangu kumeanza kufanana na uongo.

Nilisoma hadi darasa la saba. Kiswahili nilikipata shuleni, nikakikuza kanisani, ambako mimi ni mzee wa kanisa. Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe, basi. Kwa hiyo mwanangu alipokuja likizo na kusema utafiti wake utahusu jinsi sisi watu wa huku chini kwenye ukame tunavyohifadhi kunde na ndengu zisiliwe na wadudu, nilicheka.

"Watakupa diploma kwa kunde za mama yako?"

"Baba, wewe unajua vitu ambavyo mwalimu wangu hajui."

"Basi hiyo diploma waniletee mimi."

"Na lile joho utalivalia wapi? Kwa mbuzi?"

Alikaa nasi likizo nzima. Alijaza kunde kwenye makopo, mengine akatia majivu, mengine pilipili iliyokaushwa, mengine hakutia kitu. Kila baada ya siku chache alimwaga kopo moja kwenye ungo, akahesabu zilizotobolewa moja moja, midomo ikicheza kama mtu anayeomba. Aliniuliza kwa nini tunatumia majivu ya mti huu na si ya ule, na nani alimfundisha bibi yake. Mengine sikuwa nimewahi kuyafikiria mpaka alipouliza. Nilimjibu kwa Kimbeere, yeye akaandika kwa Kiswahili kwenye daftari.

Alasiri moja nilimkuta amekaa mlangoni, daftari kwenye goti, anaingiza maneno yake kwenye simu. Anaingiza Kiswahili, kinatoka Kiingereza. Nikamwuliza hiyo ni nini. Alisema simu inamgeuzia yawe maneno ya chuo, maana Kiingereza chake mwenyewe huvunjika njiani.

"Maneno ni yetu, Baba. Hii inayapiga pasi tu."

"Na inaruhusiwa?"

"Walimu hawajasema ndiyo, hawajasema hapana."

Sikuuliza tena. Ningeweza kuuliza, ila nilikuwa nimefurahi kuona mambo ya mama yangu yakitoka kwa Kiingereza.

Miezi michache baadaye alikuja nyumbani na barua. Chuo kilikuwa na mashine ya kusoma kazi za wanafunzi na kusema kama zimeandikwa na mtu au na mashine mwenzake. Kazi yake ilikuwa imepakwa nyekundu karibu kila ukurasa. Aliitwa mbele ya kamati, na angeweza kuja na mzazi. Alinisomea ile barua, akaitafsiri huku akicheka kicheko kisicho na raha.

"Hata hii barua hakuiandika mtu, Baba. Naujua huu mtindo."

Kama ni kweli, sijui mpaka leo.

Alitaka niende mimi na si mjomba wake mwenye suti, kwa sababu huku kwetu natambulika kwa ushahidi. Majirani wakigombania mpaka wa shamba, huniita. Njia yetu ya kutoa ushahidi ni kuanza na lile linaloumiza upande wako. Nikimsimamia jirani, kwanza nasema ndiyo, kuna msimu alisogeza ua. Wazee wakisikia hivyo wanajua sifichi kitu. Ndipo nikisema jiwe la mpaka lilikuwa hapa, hakuna anayebisha. Hakuna aliyenifundisha. Nilimwona baba yangu akifanya hivyo, na sikuwahi kuona mtu akikatizwa kabla hajafika kwenye jiwe.

Asubuhi ile, tukisubiri kwenye benchi nje ya ofisi, mwanangu aliniinamia.

"Baba, wakikuuliza kama nilitumia simu, sema hukuona."

"Niliona."

"Najua uliona. Nakuomba useme hukuona."

"Nitawaeleza yote, kutoka mwanzo. Watakuelewa."

Alitazama viatu vyake, ambavyo alikuwa amevipaka rangi mara mbili. "Hawa si wazee wa mpaka, Baba," akasema.

Ndani walikuwa watu watatu: mama mmoja aliyekuwa mwenyekiti, mwanamume wa kuandika, na mwalimu kijana mwenye kompyuta. Walinipokea kwa heshima, nisiwasingizie.

"Karibu, mzee. Umetoka mbali?"

"Nimetoka kwenye kunde."

Mwalimu kijana alicheka. Nikaona ni watu wazuri, moyo wangu ukatulia. Hapo ndipo nilipokosea, kudhani kwamba watu wazuri wote husikiliza kwa njia moja.

Mwenyekiti aliniuliza, "Mzee, kuna siku ulimwona kijana akitumia simu kuandika hii kazi?"

Nikaanza kama nilivyozoea. Nikasema ndiyo, nilimwona kwa macho yangu, mchana, amekaa mlangoni. Nikaeleza jinsi Kiswahili kilivyoingia na Kiingereza kikatoka. Nikasema hata nilimwuliza kama inaruhusiwa, naye hakuwa na jibu kamili. Yule wa kuandika aliandika mbio, kichwa chini. Nikavuta pumzi ili niseme sasa lile la pili, kuhusu makopo, ungo na maswali yake yote.

"Asante, mzee," mwenyekiti akasema. "Umetusaidia sana."

"Sijamaliza, mama."

"Umejibu swali."

"Hiyo ni nusu."

"Hiyo nusu inatosha, mzee wangu."

Nilimtazama yule wa kuandika. Alikuwa amefunika kalamu yake. Mwanangu alitoa daftari kwenye mfuko, akaliweka mezani, na hapo lilikaa. Hakuna aliyelifungua. Nikauliza, na nina hakika nilipandisha sauti, "Na hiyo mashine yenu inayosema huyu ni mwizi, nani huikagua?"

"Hayo ni mambo ya kompyuta, mzee," mwalimu kijana akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayetaka tuwe marafiki, akaongeza, "Hata mimi sijui inafanyaje. Lakini chuo kimeikubali."

Tulipotoka, mwanangu alinishika mkono kwenye ngazi kwa sababu zilikuwa zimepigwa deki na zilikuwa zinateleza. "Umesema vizuri, Baba," akasema. Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi kutafuta kama kulikuwa na kejeli ndani yake. Sijaipata. Ingekuwa rahisi kama ningeipata.

Wiki iliyofuata walimfukuza. Alikuwa na haki ya kukata rufaa lakini hakukata. Alikwenda Meru, akapata kazi ya kubeba magunia kule soko la Gakoromone, kisha akawa utingo kwenye lori la nafaka. Alikuja nyumbani mara mbili. Zote mbili tulizungumza juu ya mvua. Halafu lori lilikosa breki kwenye mteremko, wakafa yeye na dereva.

Sisemi chuo kilimuua. Lori lilimuua. Lakini hangekuwa kwenye lile lori.

Mazishini walikuja wenzake wanane wa darasa moja, wakiwa wameshonewa utepe mweusi begani. Msichana mmoja alipewa nafasi ya kusema. Alisema mwanangu ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake masomo ya udongo mpaka wakaelewa. Kisha akaligeukia jeneza, akasema:

"Nataka niseme ukweli mbele yake. Sisi sote tulitumia simu. Wote tuliofuzu. Wengine hata hawakukanyaga shamba. Tulipoulizwa tulisema hapana, ikaisha. Yeye alikuja na mtu asiyejua kusema uongo."

Alikusudia kunisifu. Watu waliitikia "Amina." Mke wangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, alinigeukia na kunitazama mbele ya watu wote, kwa muda mrefu, halafu akarudi kutazama kaburi.

Nimejiuliza kama mwanangu alikosa. Naona alikosa kidogo. Alipaswa kuandika mwenyewe, hata kwa Kiingereza kilichovunjika. Lakini pale chuoni kilichovunjika hakikuwa na maksi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Kazi ilikuwa yake. Kunde alizihesabu yeye. Na aliyeongopa vizuri leo ana joho, anakuja vijijini kutufundisha kilimo. Hayo yote nayajua, na bado siwezi kusema kwamba nilichowaambia hakikuwa kweli.

Mke wangu alikaa miezi bila kuligusa jambo hilo. Siku moja, tukipura ndengu uani, aliacha fimbo hewani.

"Ungesema tu hukuona. Ungekufa?"

"Hapana."

"Basi?"

Nikamwambia kwamba ningeulizwa tena ningesema yale yale, ila ningeanza na makopo na ungo.

"Na wangekuacha ufike mwisho?"

Nikamwambia sijui. Aliteremsha fimbo, akaendelea kupura, nami nikaendelea upande wangu.