Mdogo Wangu Ameniletea Kikombe Changu Peke Yangu

(Jina la mama huyu na la kijiji chake tumeyahifadhi.)

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu, nawasalimu katika jina la Bwana. Hamjambo? Watoto na mifugo hawajambo? Mimi mwili haujambo, moyo ndio una shida.

Ni mama wa miaka arobaini na mitano, mkulima wa uwele huku Iramba. Shule nilisoma ile ya misheni, ya kujua kusoma tu. Nilipata ukoma, nikakaa kambini miaka mingi mpaka vilipokuja hivi vidonge vipya. Daktari akanipima akasema, "Mama, umepona, nenda nyumbani." Vidole viwili vimebaki vimejikunja, lakini ugonjwa hakuna.

Kwetu, Jumamosi ya kuamkia Meza ya Bwana, wazee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana neno na mwenzake, watu wapatane kwanza. Mdogo wangu wa tumbo moja alinishika mkono mbele ya mzee wa kanisa, akasema, "Dada, sina neno na wewe." Tukala ugali na mlenda. Nikalala na furaha.

Kesho yake kanisani tukapiga magoti pamoja. Nikanywa. Kikombe kilipofika kwa mdogo wangu, akafumba mdomo, akainuka. Waliofuata nao wakainuka, mmoja mmoja, hata nikabaki mimi na mchungaji. Yeye akakinywa chote mbele yao, lakini hakuna aliyerudi.

Baadaye mzee wa kanisa akanijia. "Mama, kwa ajili ya amani ya usharika, ungekaa tu kwenye benchi kwanza."

Nikamuuliza, "Amani ya nani, baba?" Akatazama kofia yake.

Juzi mdogo wangu kaja na kikombe kipya cha bati, cha duka la Mhindi, huku analia. "Dada, nakupenda, lakini nina watoto. Mchungaji atakumiminia humu, tushiriki wote." Sikuweza kumchukia. Kakichagua chenye ua jekundu kwa kuwa anajua napenda nyekundu.

Kule kambini tulikuwa Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo. Wengine hawakuwa na vidole kabisa, jirani anakushikia kikombe unywe, kisha naye anakunywa hicho hicho. Miaka yote ile nililia nataka nyumbani. Sasa niko nyumbani, na Meza ikikaribia naikumbuka kambi.

Mwezi ujao tunashiriki tena. Nikikaa kwenye benchi, watakunywa wote na kusema sisi ni mwili mmoja. Nikienda, watainuka. Nikinywea kikombe changu, nitakuwa nimeshiriki na nani? Nimekitundika ukutani, sijakinywea hata maji, na mdogo wangu kila akija hukitazama kwanza kabla hajanisalimu.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Naomba mnijibu mapema, kabla wazee hawajapita tena kuuliza nani ana neno na mwenzake.