Mzee Ameona?

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ofisi yetu ya maji pale Karatu ilikuwa na kompyuta moja, tuliyoifunika kitambaa cha kufuma ili vumbi jekundu lisiiingie, na mchoraji mmoja aliyeitazama kama mgeni aliyekalia kiti chake.

Mchoraji huyo, mzee wa ofisi, ndiye aliyenifundisha kazi. Wachimbaji wa visima virefu walituletea ripoti, naye alichora kila kisima kwa kalamu ya wino: udongo juu, changarawe katikati, mwamba chini, na alama mahali maji yalipopatikana. Changarawe alizichora moja moja. Kisima kimoja, siku mbili. Mimi nilikuwa mvivu, ila uvivu wangu ulikuwa na akili, nikaandika programu: unaingiza namba za ripoti, inachora yenyewe. Kisima kimoja, dakika moja, nami nimekunja nne nakunywa chai.

Nilijisifu ofisi nzima. Bosi akasikia.

"Ijumaa nitakuja kuona," akasema. "Ikichora sawasawa, mzee akapumzike nyumbani."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mzee alikuwa amebakiza miaka minne astaafu. Niliona aibu hata kumpitishia sukari, lakini programu sikuifuta. Niliipenda mno, Mungu anisamehe.

Ijumaa asubuhi nilitandaza mezani michoro kumi na mmoja iliyotoka kwenye printa. Mzee akaja na miwani yake iliyofungwa uzi, akaipitia akiguna. Alipofika kwenye kisima cha Kansay akacheka mpaka akaketi.

"Kijana, hiki mmekichimba kwa kijiko?"

Mchoro ulionyesha kina cha mita thelathini na sita. Nikamwonyesha ripoti, nayo ilisema thelathini na sita.

"Mchimbaji huyu namjua. Hahesabu mita huyu, anahesabu mabomba aliyoshusha, na bomba lake moja ni mita tatu. Miaka yote nazidisha kwa tatu, simwambii mtu. Sasa pampu wangeishusha kwa mchoro wako, ingening'inia hewani juu ya maji, akina mama wa Kansay wateke upepo."

Nikazidisha: mia moja na nane. Bosi alikuwa hajafika. Mzee angengoja kidogo tu akaliseme mbele ya bosi, mimi ningeumbuka na yeye angebaki na meza yake.

"Mzee wangu, mbona umeniambia?"

"Kwani maji hayo tunakunywa mimi na wewe? Rekebisha upesi, gari la bosi hilo linakata kona."

Sikurekebisha. Bosi alipoingia nilimwonyesha mchoro ulivyo, nikamweleza yote, masikio yakiniwaka moto.

"Kwa hiyo kompyuta isingejua?" akauliza.

"Isingejua. Hata mimi nisingejua."

Bosi akamtazama mzee, akaitazama michoro, akaomba chai. Habari ya kupumzika nyumbani haikutajwa tena. Jumatatu niliongeza mstari mmoja kwenye programu: kabla ya kuchora kisima chochote, inauliza, "Mzee ameona?" Ukijibu hapana, haichori ng'o.

Alimaliza miaka yake minne, akarudi shambani kwake. Programu tuliendelea kuitumia, na vijana wapya wakawa wananiuliza ni mzee gani huyo. Mstari ule ningeufuta kwa dakika moja. Sikuufuta. Najibu ndiyo, nikijua nadanganya, na uongo huo unaniuma. Basi kabla sijabonyeza naifungua ripoti, naisoma upya tangu mwanzo.