Siku Niliporuka Kwenye Kinamasi cha Mama Mkwe

Jamani, aibu hii nimeificha kadiri nilivyoweza, lakini kwa vile Kaplong nzima inaijua na watoto wa shule wakiniona huinua miguu kama wanaokanyaga matope, acha niisimulie mwenyewe.

Mama mkwe ana chai yake mlimani, na chini kando ya mto ana kamsitu ka kinamasi, mizambarau mwitu imesongamana, korongo hutaga humo, na ng'ombe wake hunywa hapo hata kiangazi kikikausha visima vyetu sote. Mimi nikaona hasara tupu! Nilitaka tuchimbe mtaro maji yote yaende mtoni, tukate ile miti, tupande blugamu, ile mikaratusi ya kuuzia kiwanda cha chai kuni (kichwani nilishaezeka nyumba mpya). Ilibaki yeye akubali tu, na siku ya kuamua ukoo mzima ukaja kushuhudia.

"Baba Kiprono," akaniambia polepole, "hiyo miti inashikilia maji. Ukikata, ng'ombe yangu itakunywa wapi?"

"Mama, maji ni ya pembeni tu, katikati kumekauka kitambo! Angalia tu vile nyasi iko!"

Badala ya kunyamaza hapo, nikakataa gamboti za kukanyagia matope nilizopewa (nilikuwa na suti ya kanisani, mambo ya kujionyesha), nikakimbia hadi katikati, nikaruka juu kuwathibitishia, ardhi ikatikisika, nyasi ikapasuka, nikazama mpaka kiunoni! Wacha weee! Kila nikijikwamua nazidi kuzama, nikamwita Mungu, nikamwita mke wangu Cherono, nadhani hata ng'ombe niliwaita.

Wakanirushia kamba, wakavuta wakiimba kama watu wanaonasua lori, nami nikachomoka kwa kishindo, lakini suruali ikabaki chini. Mbele ya mama mkwe, jamani! Kwetu hata kumkazia macho ni kukosa adabu, sasa mimi nimesimama na chupi ya njano! Nilitamani kurudi kwenye shimo.

Mama akageuka haraka, akanitupia leso aliyojifunga kiunoni bila kutazama, mabega yakimtingishika kwa kicheko. Kisha akakata sinendet iliyotambaa kwenye mzambarau, ule mmea tunaowavisha wanariadha wakirudi na ushindi, akampa Cherono.

"Mvishe bwana yako," akasema. "Amepata maji."

Ukoo ulianguka chini kwa kicheko, na habari ya blugamu ikaishia hapo hapo. Nimeapa sitabishana tena na mwenye shamba kuhusu maji yake. Kanisani siku hizi navaa koti la suti peke yake, kwa sababu suruali bado iko kwa mama mkwe, chini ya mizambarau.