Bashasha Wawili, wa Masaki na wa Tumbi

Asteria alipohamia Masaki, huku Kisarawe, yeye na mumewe Shigela na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wenyeji hawakuwataka. Walihofia mashamba yao. Asteria hakubishana na mtu. Kila asubuhi alipita na maziwa, akamsalimia kila aliyemkuta kwa uso mkunjufu, hata asiyemwitikia. Siku ng'ombe walipovamia mihogo ya Mwinyijuma, alibeba jembe akaenda mwenyewe, akapanda upya shamba lote. Mwinyijuma ndiye aliyeanza kumwita Bashasha. Jina likashika mpaka wajukuu wakasahau la ubatizo.

Masika iliyopita alikwenda Kibaha kumuuguza binti yake Holo, aliyekuwa amejifungua. Alasiri moja Mwinyijuma akaja mbio kwa Shigela. Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa amemwambia kwamba Bashasha kagongwa na lori, kalazwa hospitali ya Tumbi. Walipiga simu ya Asteria, haikupatikana. Ya Holo vilevile. Basi Mwinyijuma akampakia mzee kwenye pikipiki yake, wakaanza safari kwenye utelezi. Shigela anasimulia kwamba njia nzima aliwaza jambo moja tu: waliagana akiwa amemnunia mkewe, na sababu hata haikumbuki.

Hospitalini waliuliza alipo Bashasha, muuguzi akawaelekeza wodi ya wanaume. Shigela alidhani hakusikia vizuri. Kitandani alilala kijana mnene, mguu umefungwa hogo la plasta. Aliitwa Melkiori, mtangazaji wa mechi za ndondo, soka la mtaani, pale Tumbi, na uwanjani hakuna aliyemjua kwa jina jingine ila Bashasha.

Shigela alikaa chini sakafuni akacheka, machozi yanamtoka. Halafu akaona haya kufurahi mbele ya majeruhi, akamwomba radhi.

"Cheka tu, baba," Melkiori akamwambia. "Tangu niletwe, wewe ndiye wa kwanza kuja kuniona."

Ndugu zake wote walikuwa Songea. Shigela akavuta kiti, akamtuma Mwinyijuma kwa Holo. Kumbe kule umeme ulikuwa umekatika, simu zote zimezima, na Asteria alikuwa anamkanda mzazi kwa maji ya moto, hana habari kwamba kuna watu wanamlilia.

Asteria akaja na chupa ya uji. Alimtazama mumewe aliyelowa tope, akamshika mkono kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mgonjwa.

"Mwenzangu," akasema, "wewe ndiye unayenichafulia jina barabarani?"

Melkiori aliporuhusiwa, walimchukua Masaki mpaka mguu ulipounga. Kukaa kimya hakuwezi. Kila asubuhi aliketi kando ya zizi akitangaza ukamuaji kama fainali, ndama akiingia anamwita mchezaji wa akiba, na Mwinyijuma akawa anachelewa shambani kwa kusikiliza.