Jaketi la Kasongo na Sufuria ya Mama

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, Mwanangu, nilipotoka nyumbani kwenda kucheza nikiwa nimepakiwa kama lori la Sandoa. Nimekuona tangu asubuhi umetandaza vitu kitandani, unachagua cha kuvaa na cha kubeba kwa mchezo wenu wa erisofti, ule wa bunduki bandia. Kaa kidogo. Mi shule niliichungulia dirishani tu, lakini mchezo huo niliucheza, na nikapona. Na waliotaka kuniua nitawataja, hata kama Kasongo sasa ana kitambi na anaimba kwaya.

Wakati huo nilikuwa mpakizi wa Tata Musa, mzee msafirishaji aliyepeleka mafuta na sabuni Sandoa na kurudi na mihogo. Mama yako nilikuwa nimemchumbia, lakini baba yake, Tata Kapend, alikuwa hajanitia machoni. Jumapili ndiyo angekuja kutoka Sandoa anitazame, kisha aseme ndiyo au hapana. Basi nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: nifike Jumapili na uso mzima na jina zima.

Mchezo aliuleta Kasongo, jirani yetu. Muzungu mmoja wa kandarasi, alipomaliza kazi mgodini, alimwachia sanduku la bunduki za kuchezea, zile zinazotema vidonge vya plastiki. Ukipigwa unanyoosha mkono, unasema "nimekufa", unatoka. Mchezo wa waungwana. Ila kidonge kikikupata jinoni, uungwana umekwisha.

"Mukalay, uvale sawa askari," Kasongo akaniambia. "Batakuogopa kabla ya kukupiga."

Akanitolea jaketi la kijeshi, la madoadoa. Alilipata wapi, mpaka leo hasemi. Ilunga, mchomeleaji wa jirani, naye akaniletea kinyago chake cha kuchomelea. "Hii, hata nyuki haipiti!" Kweli, nyuki hapiti. Hata jua halipiti. Nikavaa viatu vya mgodi, vyenye chuma kidoleni, vizito kama dhambi. Na mama yangu, aliposikia watu wanapigana, akanifungia begini sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki wakavu, na blanketi juu yake. Kwake yeye hakuna vita inayozidi njaa.

Tata Musa akaniona nikipita mbele ya lori lake.

"Weye, unahama?"

"Hapana, Tata. Naenda kucheza."

"Bidonge ya bunduki iko wapi?"

"Chini ya begi, Tata. Chini ya sufuria."

Akanitazama kama anavyotazama springi iliyovunjika. "Kila siku nakufundisha kupakia. Kintu utatafuta kwanza, unapakia mwisho. Kintu hautatafuta, kinabakia nyumbani. Ulinde macho, ulinde meno, ubebe mayi. Na ile jaketi, toa! Nguo ile iko na benyewe."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikacheka, nikaenda zangu.

Tulichezea nyuma ya tanuru za matofali. Kiangazi cha kwetu unakijua: udongo mwekundu, nyasi zimeungua. Na jaketi la Kasongo lilikuwa la kijani, la msituni. Nilionekana kama sombe, kisamvu kile, juu ya bukari. Nikishusha kinyago, giza; nikikiinua, vidonge vinanipita karibu na nyusi. Nikakishusha, nikafyatua upande niliodhani ni wa adui. Nikampiga Kasongo sikioni, naye ni wa timu yetu. Hilo silijutii.

Kisha vidonge vikaniishia. Nikapiga magoti katikati ya uwanja, nikaanza kupakua: blanketi, samaki, sufuria. Wale wa upande wa pili hawakunipiga. Walikuja polepole, wakanizunguka, wakasimama.

"Mama, leo umefungua soko hapa?"

"Mama, utupimie samaki!"

Walipochoka kucheka ndipo wakanipiga, wote pamoja. Nilinyoosha mikono yote miwili, maana mmoja haukutosha.

Lakini uso ulikuwa mzima, Mwanangu. Nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru mapema mno.

Kasongo, akishika sikio, akapanda pikipiki na Ilunga, wakaniachia bunduki niirudishe kwa miguu. Nikaishika mkononi, jaketi mwilini, kinyago kichwani, nikafuata barabara ya Sandoa. Sikukumbuka kwamba mbele kuna kizuizi cha askari. Wa kweli.

"Weye! Chini! Tupa bunduki!"

Nililala haraka kuliko nilivyowahi kulala. Vumbi likaingia mpaka kwenye meno niliyoyalinda.

"Nguo hii nani alikupa?" mkubwa wao akauliza.

"Ya Kasongo, mukubwa."

"Kasongo ni jenerali gani?"

"Haina jenerali, mukubwa. Ni jirani."

Wakanivua jaketi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mi nilibaki na singileti yenye matundu. Wakafungua begi, wametoa macho. Mkubwa akainua kifuniko cha sufuria, akanusa, akawageukia wenzake.

"Muasi gani anatembeaka na bukari ya mama yake?"

Wakacheka mpaka wakaegemea bunduki zao. Na hapo hapo lori likasimama kizuizini. Lilikuwa lori la pili la Tata Musa, linatoka Sandoa, limewahi siku moja. Dereva akatoa kichwa.

"Eh, Mukalay! Unafanya nini apa?"

Sauti ya mzee ikatoka ndani. "Mukalay gani?"

"Ule mukwe wenu, Tata."

Tata Kapend akashuka polepole, na kofia yake ya kanisani. Akatazama viatu vya chuma. Akatazama singileti. Akatazama kinyago. Askari walikuwa wameshaanza samaki.

"Weye njo ule unataka mutoto wangu?"

"Ndiyo, Tata."

"Ulienda kwa vita na sufuria?"

"Ni mama alinifungia, Tata."

Akainama, akachukua mkia wa samaki, akatafuna. Tulingoja wote, hata askari.

"Muzuri," akasema. "Mutoto wangu hatalala njaa." Akapanda tena lori.

Ndiyo yake ilikuwa hiyo. Mama yako ni shahidi.

Sasa usiseme sufuria ndiyo silaha. Sikia maneno ya Tata Musa, niliyoyalipia kwa aibu. Vaa miwani ya kinga inayobana pembeni na inayokuonyesha njia. Ikiingia ukungu, toka uwanjani kwanza ndipo uivue. Meno yafunike. Viatu vishike kifundo, visikuzike. Vidonge viwe mfuko wa mbele, na maji karibu. Bunduki ya kuchezea ikae ndani ya begi lililofungwa, kwenda na kurudi, kwa sababu anayekuona kwa mbali hajui kwamba unacheza. Nguo ya jeshi, kamwe, hata kofia. Na mtoto wa Kasongo akikuletea jaketi, mwambie baba yako anamsalimia baba yake, na sikio linaendeleaje.

Haya, Mwanangu. Mungu akutunzie macho, uje uwaone wajukuu wangu. Akupe rafiki asiyekuachia mzigo njiani. Na siku ukianguka mbele za watu, wawe watu wanaojua kucheka. Bibi yako yuko jikoni, anakufungia kitu. Hicho usikikatae. Ila kipakie chini.