Mstari Aliobadilisha Jirani Yangu

Nilirudi Mwingi kutoka Dubai na diploma ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe, nikisoma baada ya zamu za ulinzi. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo chama cha wafanyabiashara wa mbuzi kilipotaka programu ya kuwatumia wanachama bei za soko kwa simu, niliiandika peke yangu. Ikifanya kazi mbele ya mkutano, kuitunza kungekuwa ajira yangu.

Nakala ya kujaribu nilimpa jirani yangu, mzaliwa wa Nuu, niliyemfundisha kompyuta tangu kuiwasha.

Skripti ya Python, lugha ya kompyuta niliyoitumia, huanza na mstari unaoiambia kompyuta mkalimani wa lugha hiyo, yaani programu inayoisoma, yuko wapi. Ukiandika #!/usr/bin/env python3, kompyuta humtafuta yenyewe popote alipowekwa. Mimi niliandika #!/usr/local/bin/python3, anwani kamili, kwa sababu Python yangu niliijenga mwenyewe nikaiweka hapo. Kutafutiwa niliona ni mambo ya wanaoanza.

Siku ya mkutano, kompyuta ya chama ilisema kwenye anwani hiyo hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna.

"Fundi wa Dubai, mbuzi wamekula programu?" mzee mmoja wa Garissa akauliza. Ukumbi ukacheka.

Jirani yangu akasimama. "Mwenyekiti, mimi nina nakala." Akachomeka flashi, na simu zikaanza kulia mifukoni mwa watu.

Mwenyekiti akampa ufunguo wa ofisi palepale.

Watu walipotoka nikafungua faili lake. Lote lilikuwa langu, hata maelezo niliyojiandikia kwa Kikamba. Kilichobadilika ni mstari wa kwanza tu, sasa una env. Tarehe ya badiliko: wiki mbili nyuma.

"Ulijua?"

"Ilikataa kwenye kompyuta ya dada yangu. Nikarekebisha."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuambiaje, mwalimu? Nilikuuliza mbona hutumii env, ukasema hiyo ni ya wasiosoma."

Nilisema hivyo, sikatai. Lakini kuuliza si kuonya. Wiki mbili alikuwa akija kwangu, tunakunywa chai, ananiuliza kama niko tayari kwa mkutano, na mimi namjibu niko tayari kabisa.

Nina mbuzi wachache, kwa hiyo nami ni mwanachama. Kila siku ya soko ananitumia bei, kwa maneno niliyoyaandika mimi.